Hatua za Kurudia Kosa

Saa mbili na dakika nne asubuhi, tarehe 9 Juni 2074, ujumbe wa 313 ulionekana kwenye uzi wa salamu katika Baraza la Mafundi. Baada ya salamu ulikuwa na mistari mitatu. Miwili ya kwanza ilihusu programu. Wa tatu ulisema: "Nitachelewa kujibu. Mama yangu amefariki leo alfajiri."

Aliyeuandika, Sekela Mwakalinga, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko la mama yake, Tukuyu, kishikwambi kikiwa magotini. Ukungu ulikuwa haujatoka migombani. Mbele ya nyumba wanaume walikuwa wakifunga turubai, na sauti ya kaka yake Gwakisa ilisikika ikiwaelekeza mahali pa kuchimbia nguzo. Mama alikuwa ndani, ameshaoshwa. Alikufa kwa kiharusi saa kumi na moja kasoro, mbele ya binti yake na daktari mmoja. Hakuna programu iliyohusika. Sekela alikuwa amemuuliza daktari jambo hilo mara mbili, na daktari akamjibu mara mbili kwa upole, akidhani ni uchungu unamsumbua. Haukuwa uchungu. Alikuwa anahakikisha.

Uzi wenyewe ulikuwa na umri wa siku kumi na moja. Kanuni ya zamani ya baraza ilitaka kila ujumbe uanze kwa salamu, na mashine ya baraza, Mwamuzi, iliurudisha kwa mwenyewe ujumbe wowote ulioikosa; pole na jibu lake vilihesabiwa salamu. Sasa msimamizi mkuu, Kasiano Ndunguru, alikuwa ameleta badiliko la programu la kuliondoa sharti hilo, na baraza zima lilikuwa limewaka.

"Habari zenu wakuu, na hii iwe ya mwisho," alikuwa ameandika Kasiano. "Nikikuuliza pampu imezimika saa ngapi, hiyo habari zenu inanisaidia nini?"

"Salaam mkuu. Kwenu mnaingia ndani kama ng'ombe?"

"Habari. Kwetu mlango una kengele."

"Salaam tena. Basi kengele ndiyo salamu. Umejijibu mwenyewe, kanywe chai."

Ujumbe mia tatu na kumi na mbili wa namna hiyo. Kisha ukaja wa Sekela, na mistari yake miwili ya kwanza ilimuunga mkono Kasiano. Msimbo ni safi, alisema, mstari wa 88 tu uangaliwe. Alimaanisha. Msimbo ulikuwa safi kweli.

Pole zikaanza kumiminika. Katika dakika ishirini na tano za kwanza zilifika ishirini na saba. Ishirini na tano zilipita kimya, kama pole zinavyopita kila siku. Mbili hazikupita. Waliozituma walikuwa mafundi waliomsaidia Kasiano kuandika sehemu za badiliko lake, na kwa kila mmoja wao ukanda wa njano ulijitokeza kwenye kioo cha Sekela:

*Ungamo limepokelewa. Mhusika amekiri kusababisha kifo cha mama yako. Kubali au kataa. Usipojibu ndani ya saa tatu, ungamo litasimama.*

Sekela alibonyeza Kataa mara mbili. Hakuna hata moja iliyochukua zaidi ya sekunde nne. Ukanda ukafutika, na rekodi yake ikafutika nayo, kwa kuwa ungamo lililokataliwa halihifadhiwi.

Mmoja wa wale wawili, mama wa Kahama aliyeshughulika na programu za mizani, alimwandikia pembeni: "Habari dada. Huyu Mwamuzi kapatwa na nini leo?"

"Nzuri dada. Usijali, nimekataa. Asante kwa pole."

Saa mbili na dakika thelathini na moja ikaja aliyokuwa anaingoja, ya Kasiano.

"Pole sana, Sekela. Wangu nilimzika mwaka juzi, Mbinga. Mstari wa 88 usubiri. Kila kitu kisubiri."

Ukanda wa njano ukatokea. Sekela aliusoma ujumbe mara mbili, kwa sababu sentensi ya mwisho hakuwa ameitarajia. Kisha akakifunika kishikwambi juu ya gunia la mkaa bila kubonyeza chochote.

*

Kanuni ya Ungamo ilikuwa na umri mkubwa kuliko Sekela. Ilitungwa wakati mabaraza ya mtandaoni yalipokuwa yakiteketea kwa magomvi yasiyo na mwisho, huku kazi zenyewe, pampu za maji, vipimo vya zahanati, taa za barabarani, zikikosa wa kuzitengeneza. Suluhisho lilikuwa rahisi: anayekiri kosa ameshindwa, ugomvi umekwisha. Mwamuzi alisoma kila neno na kutambua ungamo popote lilipoandikwa. Aliyekiri kosa dogo alinyamazishwa siku kadhaa. Aliyekiri kusababisha kifo aliondolewa maisha kwenye orodha ya wenye sauti, na fundi asiye na sauti hakuruhusiwa kugusa programu yoyote ya umma.

Waliomfundisha Mwamuzi walikuwa watu wa mbali. Katika lugha yao neno moja lilifanya kazi mbili: kumfariji aliyefiwa, na kuomba msamaha kwa aliyekosewa. Walipoulizwa pole ni nini, walijibu kwa neno lao hilo. Hitilafu hiyo ilijificha vizuri, maana ilihitaji mambo matatu yakutane: mtu ataje kifo cha ndugu yake, mwingine amjibu kwa kuanza na pole, na huyo wa pili awe na msimbo wake unaojadiliwa kwenye uzi uleule. Hapo Mwamuzi aliona mwenye msimbo anamwomba mfiwa msamaha. Sababu ya kifo hakuitafuta.

Mambo hayo matatu yalikutana mwaka 2065. Mtoto wa miaka minne alikufa kwa malaria katika zahanati moja ya bondeni. Baba yake aliandika habari hiyo kwenye uzi uliokuwa unajadili kipimo cha dripu. Kipimo hicho kilitunzwa na Ambakisye Mwakalinga, mzee asiyeweza kupita karibu na mfiwa bila kusimama. Aliandika: "Poleni sana, ndugu zangu." Wazazi wa mtoto walikuwa makaburini. Saa tatu zikapita, na ungamo likasimama.

Ambakisye alirudi kutengeneza redio. Baada ya miaka miwili alifariki. Cheti kilisema kisukari, na binti yake hakuwahi kudai kwamba ni kitu kingine.

Alichofanya binti ni kuandika ripoti namba 4417, wiki moja baada ya baba kunyang'anywa sauti. Alieleza hitilafu ilivyo. Kwenye sehemu ya *hatua za kurudia kosa* aliandika hatua ya kwanza, kutaja msiba, na ya tatu, pole ya mwenye msimbo. Ya pili hakuweza kuionyesha, kwa kuwa ilihitaji msiba wa kweli, naye hakuwa na msiba.

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi na tisa:

"Nimejaribu mara kumi: pole na kazi, pole na safari, pole kwa kusubiri. Zote zimepita. Haijirudii. Imefungwa. Mleta ripoti ajifunze kutenganisha familia na kazi. K. Ndunguru."

Chini yake watu walibandika alama za kicheko. Zilikuwa sitini na moja. Na kanuni ya baraza ilisema kwamba ripoti iliyofungwa hufunguliwa na aliyeifunga tu.

*

"Sisi tunatafuta mtu wa kupeleka taarifa kanisani, wewe uko huku unachezea kioo," Gwakisa alisema. Alikuwa ametokea upande wa zizi, mikono ina udongo wa nguzo.

Sekela akampa kishikwambi. Gwakisa alikuwa mwalimu wa sekondari, si fundi, lakini katika nyumba ile kila mtu alilijua jina lile. Alisoma pole, akasoma ukanda wa njano, akaangalia dakika zinavyopungua.

"Huyu ndiye yule?"

"Ndiye."

"Na hizi dakika?"

"Saa tano na dakika thelathini na moja, ataandikwa amemuua mama."

Gwakisa alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akachuchumaa. "Mama hajapoa bado, Sekela."

"Sikuandika uongo hata neno moja."

"Sijasema umedanganya. Nasema umemtumia."

"Miaka tisa nilikuwa naikosa hatua ya pili. Ulitaka niandike msiba wa kutunga?"

"Huo ungekuwa uchuro."

"Ndiyo. Hata huyu Ndunguru hakuthubutu. Nani ataandika mama yangu amekufa, na mama yuko jikoni anamsikia akikohoa? Ndiyo maana kosa limeishi. Kila anayejaribu anajaribu kwa pole na kazi."

"Haya, umelirudia, limeonekana. Lipeleke huko kwa wakubwa, mwachie mtu wa watu."

"Nikikataa, ushahidi unafutika. Wale wawili wa kwanza hawana alama popote, nimetazama. Likisimama, linabaki milele, lakini na yeye anabaki nalo."

"Baba angekuwa hapa angesemaje?"

"Baba hayupo hapa," Sekela alisema. "Ndiyo hoja yenyewe."

Mama mdogo Bupe alichungulia kutoka jikoni, kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Alikuwa mdogo wa marehemu na tangu alfajiri hakuwa amekaa chini. "Nyie watoto, wageni wanamuulizia mfiwa wa kike. Niwaambie nini, kwamba yuko kwenye simu?"

"Nakuja, mama mdogo. Kuna mtu amenipa pole."

"Si umjibu?"

"Bado."

Bupe alimtazama mpwa wake kwa makini zaidi kuliko jibu hilo lilivyostahili. "Pole haiachwi ikining'inia. Mtu akikupa, unasema nimeshapoa. Hata kama unaungua, unasema. Marehemu dada yangu alimjibu hata yule jirani aliyemuulia ng'ombe." Akarudi kwenye sufuria zake.

Gwakisa alisimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Umemsikia."

"Nimemsikia. Yule jirani alikuja mwenyewe, kaka. Alibisha hodi."

*

Simu ya Kasiano iliingia saa tatu na dakika hamsini. Alikuwa na miaka hamsini na nane, Sekela arobaini na mmoja, kwa hiyo Sekela alimsalimia inavyompasa.

"Shikamoo."

"Marahaba." Kisha: "Sekela, kuna kitu kimetokea kwa Mwamuzi."

"Najua."

"Ameniandika kwamba..." Hakumaliza.

"Umekiri kusababisha kifo cha mama yangu."

"Nilikupa pole."

"Nimeiona."

"Basi ikatae. Ni kubonyeza tu, sekunde moja."

"Zimebaki saa moja na dakika arobaini na moja."

Wanawake jikoni walianza wimbo na kuuacha, mmoja akasema wameupandisha mno.

"Wewe ulijua," Kasiano alisema.

"Niliandika ripoti. Namba 4417. Ulinijibu baada ya dakika kumi na tisa."

Vitufe vilisikika. Alikuwa anaitafuta. Sekela alimpa muda wa kuisoma, ilikuwa fupi.

"Nilijaribu mara kumi," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa ya mtu anayesoma mwandiko wake mwenyewe.

"Kwa pole na kazi."

"Ningejaribuje? Niandike kwamba mama yangu amekufa? Mwaka ule alikuwa mzima. Nilikuwa nakula kwake."

"Hapana. Ungeniuliza mimi. Mimi nilikuwa na baba ambaye lilimtokea, alikuwa sebuleni, anatengeneza redio. Ulikuwa na namba yangu. Ndiyo hiyo uliyopiga sasa hivi."

"Nilikuwa na ripoti mia mbili wiki ile."

"Mia na tisini na sita."

"Unataka nini, Sekela?"

"Sitaki kitu. Nikikuambia nataka kitu nitakuwa nimekutisha, na kanuni inakataza. Nakusomea saa tu."

"Nina vijana wanne ninaowafundisha. Mtu aliyeandikwa hivyo haachiwi hata kengele ya shule."

"Najua anachoachiwa. Redio."

"Mimi sijawahi kumtukana baba yako."

"Soma sentensi ya mwisho. Kwa sauti."

Alisoma: "Mleta ripoti ajifunze kutenganisha familia na kazi."

"Zilibandikwa alama sitini na moja za kicheko. Moja ni yako."

Hakukana. Aliyekuwa anaongea sasa alikuwa msimamizi, anapanga mambo kwa mpangilio wake. "Nikiifungua, nimekiri kwamba niliifunga vibaya. Kosa la msimamizi ni miaka saba bila sauti."

"Ndiyo."

"Nisipoifungua, ni maisha."

"Ndiyo."

"Na nikiifungua bado huahidi kwamba utaikataa hii nyingine."

"Siahidi."

"Hiyo si haki."

"Haikuwa haki," Sekela alisema. "Sasa imejirudia. Uliniambia haijirudii."

Kasiano akauliza jambo lisilokuwemo kwenye hesabu. "Mama alikuwa anaitwa nani?"

"Atupele."

"Pole," alisema, kwa mazoea tu, na akajisikia akilisema. Ilikuwa simu, Mwamuzi hasikilizi simu. Sekela hakusema nimeshapoa. Alikata.

*

Tangu saa nne mpaka karibu saa tano hakukutokea kitu. Sekela aliingia ndani, akakaa mkekani pamoja na wanawake, mgongo ukutani, kishikwambi chini ya khanga. Watu waliingia, wakampa mkono, wakampa pole, naye akawajibu mmoja mmoja: nimeshapoa, tumeshapoa, ndaga, yaani asante kwa lugha ya kwao. Alikuwa na hakika na kila alichokifanya mpaka saa tano kasoro dakika chache, alipoingia mama mmoja wa kanisani na kuanza kuandika jina la marehemu kwenye karatasi ya ibada. "Atupele na la pili tuandike la kwao au la mume?" aliuliza.

Wakabishana kidogo, wakakubaliana. Sekela alilitazama jina likiandikwa.

Lingeandikwa pengine pia. Hilo hakuwa amelihesabu. Katika rekodi ya baraza, kwa maisha yote ya baraza, kungekuwa na mstari usemao Atupele fulani aliuawa na kosa la Kasiano Ndunguru. Mstari huo ungekuwa uongo. Mtoto wa bondeni alikuwa na mstari wa namna hiyo kwa miaka tisa, na Sekela alikuwa amewalaumu wote walioupita bila kuusahihisha. Huu wa leo ungekuwa na mkono wake. Kwa kukaa kimya tu, hata bila kubonyeza.

Alitoka nje. Gwakisa alikuwa anagawa viti.

"Saa ngapi?" aliuliza Gwakisa bila kugeuka.

"Saa tano na kumi na nane."

"Ameifungua?"

"Bado."

"Na asipoifungua?"

Sekela aliweka kidole karibu na Kataa, akakiondoa, akarudi kwenye ndoo yake nyuma ya jiko.

Saa tano na dakika ishirini na nne, hali ya ripoti 4417 ilibadilika kutoka *Imefungwa* kuwa *Wazi*. Aliyebadilisha: K. Ndunguru. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika:

"Habari za asubuhi. Nilikosea. Niliifunga ripoti hii bila kumuuliza aliyeileta, na nikamcheka. Kosa lipo. Hatua ya kwanza: mtu ataje msiba wake. Hatua ya pili: msiba uwe wa kweli, kwa sababu hakuna kati yetu atakayeandika wa uongo. Hatua ya tatu: mwenye msimbo ampe pole. Limenitokea leo, saa mbili na dakika thelathini na moja. Ambakisye Mwakalinga hakukiri kosa lolote mwaka 2065. Alitoa pole."

Ilikuwa ripoti nzuri. Sekela asingeongeza neno.

Ukanda wa pili wa njano ulijitokeza chini ya ule wa kwanza: *Ungamo limepokelewa. Mhusika amekiri kufunga ripoti yako isivyo halali. Kubali au kataa.*

Gwakisa alikuwa amemfuata. Alisoma juu ya bega lake mpaka kwenye jina la baba. "Basi," alisema. "Amelitaja. Amelisafisha mbele ya watu wote. Zikatae zote mbili, dada, tukamzike mama."

Saa tano na dakika ishirini na saba Sekela alibonyeza Kataa kwenye ukanda wa kwanza. Chini ya pole ya Kasiano aliandika: "Nimeshapoa."

Ukanda wa pili ulibaki.

"Na huo," Gwakisa alisema.

"Ule ulikuwa uongo."

"Sekela. Mtu ameandika hata salamu."

"Nimeiona salamu. Ule ulikuwa uongo, kaka, nimeukataa. Huu ni kweli."

Saa tano na dakika ishirini na tisa alibonyeza Kubali. Dakika hiyohiyo jina la Kasiano Ndunguru lilitoka kwenye orodha ya wenye sauti, na badiliko lake la kuondoa salamu likaanguka, kwa kuwa badiliko halisimami bila mwenyewe. Orodha ilibaki na majina 2,206.

Saa tano na dakika thelathini na moja, rekodi ya Ambakisye Mwakalinga ilibadilika kutoka *Ungamo limesimama* kuwa *Linapitiwa upya*.